Mumbi Aliyegombana na Vioo

Kazi ya kwanza niliyopewa katika ulinzi wa ndege ilikuwa kushika picha. Mwanamke mmoja alishuka kwenye Landrova pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akakunjua karatasi kubwa yenye picha ya ndege mweusi mwenye uso mwekundu, akaniambia niiinue juu ya kichwa ili watu wote waione. Nikaiinua. Watu wakajaa. Mzee mmoja wa Kindu, mji nilikotoka mimi, akasogea karibu, akaitazama picha kwa makini, kisha akaninong'oneza, "Huyu banamutafuta juu ya nini? Aliua muntu?"

Nimestaafu juzi tu, na ninyi vijana mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla simu zenu hazijajua majina ya ndege. Habari za vyeo sitaziandika. Vyangu vilikuwa vichache, na sikumbuki hata kimoja kilichomsaidia ndege. Nitaandika habari za mti mmoja, meneja mmoja, na familia moja ya mumbi, ndege yule wa kwenye picha, kwa sababu karibu yote niliyoyafanya baadaye nilijifunza hapo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kambi ilikuwa bado changa, na nchi yangu bado ikiitwa Zaire. Nilikuwa nimefika na mke wangu Zaina pamoja na marobota machache ya vitenge yaliyonusurika duka letu lilipoporwa. Zaina akafungua meza chini ya turubai, mimi nikakaa nyuma ya meza na kazi yangu ikawa kukubaliana na Zaina. Ndege niliowajua vizuri walikuwa kuku, na mwewe anayeiba vifaranga vya kuku.

Yule mwanamke wa Landrova aliitwa Mai Chisale. Mai ni neno ambalo Wamalawi humwitia mwanamke mzima kwa heshima, na yeye heshima ilimfaa, maana alikuwa mtaalamu wa ndege wa mradi mdogo wenye ofisi Lilongwe mjini, na alijua kazi yake kuanzia unyoya hadi sheria. Siku ile aliuliza nani anaweza kuzungumza na watu wa kila namna waliokuwepo kambini. Vidole vyote vikanielekea. Mwuza vitenge hulazimika kukisifu kitambaa kimoja kwa lugha nyingi.

Alikuwa amesikia fununu kwamba wakimbizi wanawala mumbi. Nikalitafsiri swali lake. Watu wakaangua kicheko, na mama mmoja wa Burundi akajibu, "Ule ndege iko na harufu kama kiatu ya askari. Nani atamupika?"

Nikamgeukia Mai Chisale. "Wanasema hapana, kwa heshima zote."

Akanitazama. "Umeacha kitu. Watu hawacheki hivyo kwa sababu ya hapana."

Nikatafsiri upya, pamoja na kiatu. Mai Chisale alikuwa na kicheko kisicho na sauti. Mabega ndiyo yaliyocheka. "Kesho njoo kazini," alisema. "Lakini kiatu usikiache nyuma tena. Mtu akikwambia jambo, niletee lote." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya ukalimani, yalianza na kwisha palepale.

Kabla hajaondoka, mwanamume mmoja mwembamba akanyoosha mkono kama yuko darasani. Ezekieli alikuwa mkulima wa Burundi, mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa moja moja, kama mtu anayehamisha vyombo vya udongo. "Mi nabaona kila asubui," alisema. "Bako batano. Banatembeya kwa shamba ya tumbaku ya ule meneja." Naye akaajiriwa papo hapo.

Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda huku na huko kama apendavyo. Mai Chisale alipanda Capital Hill, kilima cha ofisi za serikali Lilongwe, mara nyingi, wizara hii na ile, mpaka akatupatia kibali cha kutembea mashambani. Aliporudi alisema kumpata mumbi ni rahisi kuliko kumpata karani, kwa maana mumbi angalau hurudi kwenye mti wake kila jioni.

Siku ya kwanza ya kazi nilikimbia. Niseme ukweli, nilikimbia vizuri. Tulikuwa tumesimama pembeni ya shamba alfajiri, ukungu umelala juu ya matuta, ndipo ikaja ngurumo nzito kutoka upande wa miti: huu, huu-huu. Nikajua ni simba. Mai Chisale alinikuta juu ya boneti ya Landrova, akaniuliza kama napaona vizuri zaidi kutoka huko. Ezekieli akanieleza kwa upole kwamba ni mume na mke wanaitana. "Mume anauliza, we uko wapi? Bibi anajibu, mi niko huku, na wewe unajua niko huku."

Kisha wakatokea, watano, wakitembea kwa mstari kati ya matuta kama kamati inayokagua shamba. Kama hujawahi kumwona mumbi, fikiria bata mzinga aliyevaa koti jeusi, mwenye mdomo kama sururu na ngozi nyekundu inayoning'inia kooni. Huruka akilazimika, lakini miguu ndiyo anayoiamini. Dume kiongozi alikuwa na kitambi na mwendo wa mtu anayesubiri kusalimiwa. Tukamwita Diwani. Alikuwa na mke wake, wasaidizi wawili waliokomaa, na kijana mmoja ambaye kila alichookota kilikuwa siyo chenyewe. Huyo nilimwita Stajieri, neno letu la Kifaransa kwa mtu aliyeletwa ofisini kujifunza kazi.

Mai Chisale alitueleza kwa nini familia ile ilimkosesha usingizi. Mumbi hutaga mayai mawili, lakini hukuza mtoto mmoja tu, na si kila mwaka. Huhitaji mti mkubwa sana wenye shimo, na mashamba yalikuwa yamekula miti mikubwa yote ya ukanda ule. Iliyobaki ilikuwa mkuyu mmoja mzee, mwisho wa shamba la tumbaku. Familia nyingine ya mumbi iliyokuwa jirani ilikwisha mti wao ulipokatwa. Wenyewe walikuwa hai, lakini hawakuzaa tena, mpaka wakazeeka na kutoweka mmoja mmoja.

Vifaa vyetu, kwa kuwa najua mtauliza: darubini yenye jicho moja zima, kamba, mwavuli wa kujifichia, na kioo cha kunyolea kilichofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Kioo kilikuwa cha kuchungulia ndani ya shimo la kiota bila kumsumbua mama. Ezekieli alipanda mti wa jirani, akaunyoosha mwanzi, akatutangazia kutoka juu, "Amelala juu ya mayayi." Tukafurahi. Furaha ilidumu mpaka Diwani alipofika. Alikiona kioo, ndani ya kioo akaona dume jingine lenye koo jekundu, mlangoni kwa mke wake. Alikipiga pigo moja. Vipande vilimwagikia mwavuli wa Mai Chisale. Ezekieli akashuka kasi kuliko alivyopanda, na neno alilolisema halikuwa la kwaya.

"Sasa najua," Mai Chisale alisema akijipangusa, "nani anavunja madirisha ya Bambo Kachale."

Bambo Kachale, yaani Bwana Kachale, ndiye alikuwa meneja wa shamba lile. Alikuwa mtu wa saa na mstari mnyoofu, mgumu kwa vibarua lakini si mwongo, na msimu ule alikuwa amejengewa nyumba mpya yenye madirisha makubwa ya vioo. Kwa wiki kadhaa vioo vilikuwa vinavunjwa. Alidhani ni wezi, akaweka mlinzi. Asubuhi mlinzi akaleta ripoti ambayo shamba zima liliijua kabla ya chai: amekuja mzee mwenye koti jeusi na tai nyekundu, akagonga dirisha kwa uso wake, kisha akaondoka kwa miguu bila haraka. Mlinzi alifukuzwa kwa ulevi. Aliyefuata akaleta ripoti ileile.

Tulipofika kwake alikwisha kumwona mwenyewe. Hapa Mai Chisale alinifundisha jambo la pili. "Usimwambie mkulima kwamba ndege ni mzuri," alisema tukiwa njiani. "Mkulima ana macho. Muulize kwanza amemharibia nini, na umsikilize mpaka achoke."

Bambo Kachale hakuchoka upesi. Alituzungusha nyumba nzima. "Dirisha la sebuleni. Dirisha la chumbani. Vioo vya pembeni vya gari langu jipya. Na hapa, dirisha la choo. La choo, Mai! Nikiwa ndani!"

"Pole sana, Abwana," Mai Chisale alisema, na mabega yake nikaona yanahitaji kushikwa.

"Nimeshatafuta dawa," alisema Bambo Kachale. "Nina dawa ya wadudu wa tumbaku. Naipaka kwenye panya, namwekea panya hapo nje. Kwisha."

Nilitegemea Mai Chisale ataje sheria, na kweli sheria ilikuwepo. Yeye akainama kumkuna masikio mbwa aliyelala barazani, mbwa mzee mnene aliyeitwa Bwenzi, yaani rafiki. "Panya wa hapo nje," aliuliza, "huwa wa kwanza kuwaona ni nani?"

Bambo Kachale akamtazama mbwa. Mbwa akatikisa mkia. Habari za sumu zikaishia hapo, lakini madirisha yalikuwa bado yamezibwa kwa maboksi, na yule bwana alisema wazi kwamba kioo kimoja tena kikivunjika atatafuta bunduki.

Jioni nikamweleza Zaina. Alikuwa anakunja vitambaa mezani, hakuinua hata kichwa. "Ule ndege anajiona mwenyewe ndani ya kioo?"

"Ndiyo."

"Basi muvalishe nyumba nguo. Niko na kitambaa."

"Kipi?"

"Ile ya mioyo."

Nikajua ameupata wokovu wake mwenyewe. Kitenge cha mioyo kilikuwa mzigo tuliobebeshwa tangu Kindu: cheupe, chenye mioyo mikubwa myekundu, ila kiwandani nusu ya mioyo ilichapwa kichwa chini, na moyo mwekundu uliopinduliwa unafanana na kitu ambacho mwanamke mwenye heshima hatakivaa mgongoni kwenda sokoni. Tulikuwa tumevuka nacho mipaka na hakuna aliyekitaka, hata waporaji walikiacha.

Bambo Kachale alipokiona alisema nyumba yake haitavaa hicho. Lakini mkewe, Mai Kachale, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, alikuwa amechoka kuishi gizani nyuma ya maboksi. Alikishika kitambaa, akakigeuza huku na huku, akasema, "Kwa nje nitaona mioyo mimi nikitaka. Wewe utaona unachotaka." Kesho yake kila dirisha lilikuwa na pazia kwa nje, la kuteremshwa alfajiri na kupandishwa jua likipanda, maana Diwani aligombana asubuhi tu, mchana alikuwa na shughuli. Zaina akashona na sketi ya gari, inayozunguka milango yote na kufunika vioo vya pembeni, akaifunga kwa mafundo aliyozoea kufungia marobota ya kusafirisha.

Diwani alikuja asubuhi ile, akazunguka nyumba mara kadhaa akitafuta adui yake. Akasimama mbele ya mioyo, akainamisha kichwa upande. Kisha akaenda zake kula nzige. Kwa siku nyingi hakuna kioo kilichovunjika, nasi tukajiona wataalamu.

Basi ikaja siku ya mkutano. Bambo Kachale alitakiwa Capital Hill, wizarani, kwa mambo ya tumbaku, nami nikamwomba lifti kwa kuwa nilikuwa napeleka karatasi kwenye ofisi yetu mjini. Alikuwa amechelewa, na hasira za kuchelewa zimempanda. Mafundo ya Zaina upande wa dereva yalimshinda, akayakata kwa kisu, akaingia, tukaondoka. Sketi iliyobaki ilibaki. Nilipanda nyuma nikiwa na kofia yangu nyeupe, nikaona mioyo inapepea pande zote za gari, nikadhani amekipenda kitambaa.

Tulipita mjini watu wakitupungia. Getini pale Capital Hill wauza mandasi walisimama, wakapiga vigelegele. Mlinzi, ambaye kawaida humuuliza mtu anatoka wapi na anakwenda kwa nani, alifungua geti lote wazi na kupiga saluti. Watumishi wa serikali wakatoa vichwa madirishani. Mama mmoja akaimba, wengine wakaitikia, na mtu akapiga kelele kwa Kichewa, "Mkwatibwi ali kuti?" Bibi harusi yuko wapi? Wakaja kuchungulia nyuma ya gari, wakanikuta mimi.

Sijui kama mmewahi kuwakatisha tamaa watu wengi kwa mara moja. Nilisema zikomo, yaani asante, nikaivua ile kofia nyeupe.

Bambo Kachale aliingia mkutanoni akiwa amepewa pongezi na wakurugenzi ambao siku nyingine hawakujua jina lake. Alitoka uso umemvimba. Tulipofika shambani alishuka, akauonyesha kwa kidole ule mkuyu mzee kule mwisho, akasema, "Kesho naukata. Bila mti hakuna ndege, bila ndege hakuna nguo, bila nguo hakuna harusi."

Mkuyu ni kuni mbovu kwa mabani ya kukaushia tumbaku, kila kibarua alijua. Alikuwa anaukata kwa hasira. Lakini mti ulikuwa ndani ya shamba lake, na juma lile Ezekieli alikuwa ameshaona ndani ya shimo mtoto mmoja, uchi na mwenye njaa. Mai Chisale alipopata habari hakupoteza muda kulalamika. Aliwasha Landrova kwenda Lilongwe kutafuta amri ya kuuzuia ukataji. "Nitachukua siku mbili tatu," alisema. "Ninyi mfanye mnachoweza, ila msivunje sheria na msimdanganye mtu." Akafikiri kidogo. "Msimdanganye sana."

Mimi nilikaa nyuma ya meza nikiwa nimeishiwa mawazo. Zaina ndiye aliyesimama. Bambo Kachale alikuwa anatafuta vibarua wa kukata mti, na vibarua wake wengi walitoka kambini. Zaina akapita turubai kwa turubai, kwa Waislamu wa Maniema, mkoa wetu, na kwa kwaya ya Warundi, na maneno yake yalikuwa yaleyale: "Natafuta bantu ba kukata muti bila kuukata."

"Bila kuukata?" waliuliza.

"Njo vile. Muende, mushike shoka, mufanye kazi. Lakini muti usianguke."

Nimefanya kazi na watu wengi, lakini kikosi kile sijakiona tena. Walifika asubuhi mapema, wenye heshima, shoka mabegani. Kwanza walinoa shoka. Walizinoa mpaka ungeweza kunyolea. Kisha Ezekieli akaomba sala fupi kabla ya kazi ya hatari, na sala yake ikawataja watu wote wa Burundi waliowahi kuangukiwa na mti. Kisha ukazuka mjadala mti utaangukia upande gani. Watu wa Maniema walisema mashariki, Warundi wakasema magharibi, ikabidi watu wapime upepo, na upepo haukuwepo, ikabidi usubiriwe. Ikafika saa ya swala. Waislamu wakaenda kutafuta maji ya kutawadha, mbali. Walipokuwa wanaswali, Wakristo hawakuona vizuri kupiga kelele za shoka, wakakaa kimya kwa adabu. Waislamu waliporudi wakawakuta Wakristo wanaimba, nao kwa adabu hawakuwakatiza. Ikaja nsima, ugali wa huku. Baada ya nsima mpini mmoja ukaonekana umelegea.

Jioni Bambo Kachale alikuja kukagua. Gome la mkuyu lilikuwa na alama moja, ndogo, nadhifu.

Hakuwa mjinga. Alitazama alama, akatutazama sisi, akaondoka. Kesho yake alirudi na kiti cha kukunja, mwavuli, na chupa ya chai, akakaa mbele ya mti. "Endeleeni," alisema. "Leo nina nafasi."

Mtu anayetazamwa hawezi kunoa shoka siku nzima. Vijana wakasimama, wakajipanga, na Ezekieli akanitupia jicho la kuomba ushauri ambao sikuwa nao. Ndipo Diwani na familia yake wakatokea kwenye matuta.

Walitembea hadi pale, wakasimama mbali kidogo, wakingoja tuondoke. "Simameni kwanza," nilisema. "Hawawezi kumlisha mtoto sisi wenye shoka tukiwa chini ya mti. Watapita na kuondoka, kisha tutaendelea, Abwana." Nilisema vile kwa sababu ilikuwa kweli, na sikujua kama itasaidia.

Bambo Kachale akapunga mkono kwamba sawa, dakika chache. Tukarudi nyuma, yeye akabaki kwenye kiti chake.

Diwani alikuja na vyura wawili mdomoni. Akaruka hadi kwenye shimo, akatoa, akashuka. Msaidizi wa kwanza akaleta mjusi. Wa pili akaleta nzige wengi waliobanwa pamoja kama fungu la mboga. Mwisho akaja Stajieri, kifua mbele, amebeba kitu kwa uangalifu mkubwa. Lilikuwa jani kavu la tumbaku. Mama akalipokea, akaliangalia, akalidondosha chini. Likatua karibu na kiatu cha Bambo Kachale.

Bambo Kachale akaliokota jani. "Huyu yuko kazini tangu lini?"

"Huu ni msimu wake wa kwanza, Abwana."

"Na bado wamemweka?"

"Bado anajifunza. Bila wasaidizi, mume na mke peke yao hawawezi kumkuza mtoto."

Akanywa chai. Wale ndege wakaenda, na hakutuambia tuendelee. Wakarudi. Diwani na panya, wasaidizi na nyoka mdogo waliyemchangia, Stajieri na kijiti. "Hapana!" Bambo Kachale alimwambia kwa sauti, kama anavyowaambia vibarua wapya. "Kitu cha kuliwa, wewe! Cha kuliwa!" Stajieri akamtazama, akaenda. Mchana ule wote meneja yule alikaa pale akisimamia kazi, ila haikuwa yetu. Alijua nani amekwenda upande gani na nani anachelewa. Akageuka na kutukemea, "Mnaona? Hawa hawanoi chochote!" Jua lilipoinama, Stajieri alikuja mbio na mdomo umebana kitu kinachochezacheza. Chura. Mdogo, mwembamba, lakini chura. Mama akampokea, akaingia naye ndani.

Bambo Kachale alisimama kutoka kwenye kiti, akapiga makofi mara moja, kisha akaona tunamtazama, akaikunja mikono nyuma.

"Mtoto anatoka lini humo?" aliuliza.

"Akiota manyoya. Kabla ya mavuno kuisha."

"Akitoka, naukata," alisema. Akakunja kiti chake, akaenda nyumbani. Kesho yake alirudi na kiti kilekile, na hakuwa amemwita kibarua hata mmoja.

Mai Chisale alirejea kutoka Lilongwe na amri yake ndani ya mkoba. Alimkuta Bambo Kachale chini ya mwavuli akimweleza mke wake tofauti ya msaidizi wa kwanza na wa pili, na tofauti hiyo alikuwa ameikosea kabisa. Mai Chisale akauacha mkoba bila kuufungua. Akavuta ndoo, akaketi, akaomba chai. Nilijifunza kitu cha tatu siku ile, nacho hakuniambia kwa maneno.

Mtoto alitoka mvua zikielekea mwisho. Siku chache kabla yake Mai Chisale alikuwa amemtoa shimoni kwa uangalifu, akamvisha pete ya buluu mguuni, akamrudisha. Asubuhi aliyotoka alisimama ukingoni, akatazama chini, akaghairi. Akasimama tena. Chini walikuwepo Bambo Kachale na mkewe, Zaina aliyeacha meza kwa jirani, na nusu ya kwaya. Kisha akaanguka, maana siwezi kusema aliruka, akatua katikati ya tumbaku na kuvunja mashina kadhaa. Nikamtazama meneja. Alikuwa amemshika mkewe mkono, akinong'ona, "Inuka. Inuka, mwanangu, inuka." Akainuka. Diwani akaja kumchukua, na familia nzima ikaondoka kwa miguu, yeye akijikwaa nyuma yao.

Shughuli zote za upande ule wa shamba zilisimamishwa siku nzima. Jioni Bambo Kachale akanivuta pembeni. "Bambo Ramazani, yule ni wa kiume au wa kike?"

"Bado haijulikani, Abwana. Jike huota alama ya buluu chini ya koo, lakini ni baada ya miaka."

"Miaka?"

"Miaka mingi kidogo."

"Basi ukijua uje uniambie," alisema. "Popote nitakapokuwa."

Mkuyu ulikatwa na upepo, miaka mingi baada ya hapo, na shamba likabadilisha wenyewe. Familia ilihamia kwenye sanduku la mbao tulilolijenga Ezekieli na mimi juu ya mti mwingine. Sanduku hilo mnalijua, ndilo mnaloendelea kulipaka rangi. Bambo Kachale alistaafu akahamia Area 25, mtaa wa Lilongwe. Mimi niliendelea na kazi, nikaona kesi ngumu kuliko hiyo na mameneja wabaya kuliko huyo, na siku moja, kupitia darubini yenye macho mawili mazima, nikaiona ile pete, na juu yake, chini ya koo jekundu, doa la buluu.

Nilipanda minibasi hadi Area 25. Nyumba niliipata kwa kuulizia mzee mwenye kiti cha kukunja. Alikuwa ameketi uani, nywele nyeupe, akichambua mbegu za mahindi. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Abwana," nilisema, "ni jike."

Aliweka bakuli chini. Akapaza sauti kuelekea ndani. "Mai! Mai, njoo! Ni msichana!"

Mai Kachale akatoka, mikono imejaa unga, wakashikana wakicheka kama watu wa umri mwingine. Jirani akachungulia juu ya uzio wa matete. "Zikomo kwambiri!" alisema. "Hongereni! Msichana wa nani?"

"Wetu," alisema Bambo Kachale.

Jirani akatazama nywele zake, akamtazama Mai Kachale, akanitazama mimi kwa adabu, akatoweka. Baada ya muda mfupi akarudi kupitia mlango wa ua na kipande cha sabuni ya mtoto kilichofungwa vizuri kwenye karatasi, kama desturi ilivyo kwenye nyumba iliyopata mtoto. Tulikaa tukitazamana, na kati yetu sote hakuna aliyepata moyo wa kumsahihisha. Sabuni niliondoka nayo mimi. Zaina aliipenda sana.